Saa ya kuhesabu hatua: kwa nini mama wa vitumbua anaonekana anatembea kuliko msukuma pusupusu?

Mama mmoja wa mtaa wa Makutano, hapa katika komini ya Lubumbashi, alituma sauti ku WhatsApp ya radio. Anauza vitumbua mbele ya nyumba yake tangu miaka mingi. Munganga alimukuta na tansio ya juu, akamwambia anywe dawa, apunguze chumvi, na atembee. Mtoto wake aliye Afrika ya Kusini akamutumia saa ya mkono, zile za kisasa zinazohesabu hatua. Jioni mama anaangalia saa: maelfu ya hatua. "Na mimi nilikuwa tu naikala ku kiti, siku muzima, nakanda unga," alisema. "Sasa nilitembeya wapi?" Kisha kijana wake wa pili, mwenye kusukuma pusupusu na kupeleka mizigo toka soko, akaivaa siku moja. Alirudi na miguu inauma, saa inaonyesha kama vile alipumzika. Swali la mama lilikuwa fupi: "Nani anadanganya, mi ao montre?"

Hakuna anayedanganya. Saa inajibu swali lake yenyewe, na lile swali si la mama. Lakini jambo hili tusilichekee tu, juu mwenye tansio ao sukari anaweza kuangalia ile namba ya jioni na kusema: leo nilitembea vya kutosha, kesho nitapumzika. Mwingine anaenda mbali zaidi, anapunguza dawa. Saa hizi sasa ziko kila pahali katikati ya mji wetu, zingine za bei kali madukani, zingine zimepangwa juu ya meza kando ya barabara, pamoja na chaja na vifuniko vya telefone. Zote zinatoa namba, na namba inaonekana sawa kwenye kioo, ikiwa ya kweli ao ya kubahatisha.

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Ndani ya saa muna kipande kidogo sana, aselerometa, chenye kupima mtikisiko pande tatu: juu na chini, kushoto na kuume, mbele na nyuma. Kinapima mara nyingi kila sekunde. Hakijui mguu uko wapi, hakijui kama umekaa ao umesimama, hakijui kama umebeba mfuko wa unga kichwani. Kinajua mkono ulitikisika namna gani. Kisha programu inachukua ile mitikisiko na kukisia: mtikisiko wa namna hii, wenye mapigo yanayorudirudi, kwa kawaida ni mtu anayetembea na mikono yake inayumba, basi nihesabu hatua. Ule mkono ukiwa kimya kwa muda mrefu, programu inakisia kwamba mtu amekaa.

Yote iko ndani ya lile neno "kwa kawaida". Kawaida ya nani? Programu hizi zilifundishwa kwa kuangalia watu wakitembea, mara nyingi juu ya mashine ya kukimbilia ao barabara laini, mikono huru, na watu wakikaa kwenye viti vya ofisi mbele ya kompyuta. Kwa mtu wa namna ile anayetembea kwa mwendo wa kawaida, saa nzuri inahesabu hatua vizuri kabisa. Sisi wenyewe tunaweza kuhakikisha. Shida inaanza pale maisha ya mtu hayafanani na ile kawaida.

Mama wa vitumbua anakanda unga: mkono unaenda, unarudi, unaenda, unarudi, kwa mapigo sawasawa. Kwa saa, hiyo inafanana sana na kutembea. Kukoroga bukari, kufua nguo kwenye beseni, kutwanga sombe, kupiga pasi, kupangusa meza: kila moja ya kazi hizi inaweza kuandikwa kama hatua, na mwenye kuifanya hajaondoka pale alipo. Hatusemi kwamba hizi si kazi. Kukoroga bukari ya watu kumi kunatoa jasho. Lakini munganga alipomwambia mama atembee, alikuwa anafikiri miguu, mapafu na moyo, na hizo hatua za unga hazikumufikisha hata kwa jirani.

Upande mwingine ni mikono iliyoshikwa. Msukuma pusupusu anashika vyuma viwili tangu asubuhi. Miguu inatembea, mgongo unakaza, jasho linatoka, na mikono iko pale pale. Hili si wazo letu tu: watafiti wa Ulaya na Amerika waliliona kwa wazazi wanaosukuma vigari vya watoto na wateja wanaosukuma vikapu vya magurudumu madukani, saa ya mkono ilikosa hatua nyingi. Kama kigari cha mtoto kinaleta kosa, je, pusupusu yenye mifuko ya saruji? Fikirieni pia vijana wanaoleta makala mjini kwa baiskeli, mifuko imepita kichwa chao, mikono imekaza kwenye usukani. Mama aliyebeba beseni kichwani na kulishika kwa mkono mmoja: kama saa iko kwenye ule mkono, anaonekana hatembei. Wasomaji wetu wa Goma wamekwisha kuelewa, juu ya chukudu: mikono kwenye usukani wa mti, mguu mmoja ndio unasukuma ardhi. Na wamama wabeba mizigo wa Bukavu, wenye kamba ya mzigo kwenye paji la uso, wengi wanapanda mlima huku mikono inashika kamba.

Tena kuna uzito. Aselerometa haipimi kilo. Kutembea mikono mitupu na kutembea na mfuko wa kilo hamsini mgongoni, kwa saa hiyo ni safari moja. Pengine ile ya mzigo itaonekana ndogo, juu mtu aliyebeba anaenda polepole.

Kukaa ni nini?

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, hata wenye kuuza saa. Watafiti walikubaliana maana ya "kukaa" kama hatari ya afya: ni wakati mtu yuko macho, amekaa, ameegemea ao amelala, na mwili wake unatumia nguvu kidogo sana. Kwa hiyo kuna mambo mawili ndani: namna mwili ulivyokaa, na nguvu inayotumika. Saa ya mkono haioni namna mwili ulivyokaa. Inaona tu kwamba mkono umetulia. Mlinzi anayesimama mlangoni masaa mengi, mikono nyuma, ataandikwa amekaa. Mama wa vitumbua, aliyekaa kweli, ataandikwa yuko kwenye mwendo. Na dereva wa taxi-bus? Mwili wake umekaa siku nzima, lakini barabara zetu zinavyojulikana, mashimo yanaweza kutikisa mkono wake na kuchanganya hesabu.

Watafiti wanaotaka kujua muda wa kukaa hawaweki chombo mkononi. Wanakibandika kwenye paja. Paja likilala, mtu amekaa. Paja likisimama, amesimama. Ni rahisi hivyo.

Mfano mzuri kabisa hauko mbali sana na sisi, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Karibu na ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadza, ambao wengine wao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali. Wataalamu, kati yao David Raichlen na Herman Pontzer, waliwapima kwa miaka. Katika kazi iliyotoka mwaka 2017, kwa kutumia vyombo vya kupima mapigo ya moyo, waliona Wahadza wanafanya karibu dakika 135 za mwendo wa nguvu kila siku. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linaomba mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kadiri kwa juma. Wahadza wanakaribia kuzimaliza zile 150 kwa siku moja.

Kisha mwaka 2020 wakatoa kazi nyingine, na hapo wengi walishangaa. Walibandika vyombo kwenye paja la watu wazima 28. Wakakuta kwamba Wahadza wanapumzika karibu masaa 10 kwa siku wakiwa macho, sawa na watu wa nchi tajiri wanaokaa ofisini. Na damu yao ilikuwa ya watu wenye moyo mzuri. Namna gani? Watafiti wanafikiri sehemu ya jibu iko katika namna ya kupumzika. Wahadza hawakai kwenye viti vya kuegemea. Wanachuchumaa, wanapiga magoti, wanakaa chini. Walipopima misuli ya miguu, wakaona inafanya kazi zaidi wakati wa kuchuchumaa kuliko wakati wa kukaa kitini. Saa ya mkono isingeona lolote katika hayo. Ingesema tu: masaa 10, mkono kimya.

Mimi ninavyosoma kazi hiyo, nafikiri mara moja juu ya wamama wetu mbele ya mbabula, kwenye kile kiti kifupi kabisa, wakiinama, wakisimama kuchota maji, wakirudi. Huko ni kukaa kwa namna ya ofisi ao kwa namna ya Wahadza? Hiyo hadithi ya paja haituruhusu kusema kwamba kiti kifupi ni dawa ya moyo. Inatuonyesha tu kwamba neno "kukaa" lina mambo mengi ndani, na mkono si pahali pa kuyatafuta.

Nchini Kenya, kwa Waluo, Wakamba na Wamasai wa vijijini, watafiti walitumia chombo kilichobandikwa kifuani, kinachopima mwendo na moyo pamoja. Kameruni walifanya zaidi: walilinganisha chombo cha namna hiyo na kipimo ambacho wataalamu wote wanakiheshimu, yale maji yenye alama. Mtu anakunywa maji maalum, kisha mkojo wake unapimwa kwa siku kadhaa, na hesabu inaonyesha mwili ulitumia nguvu kiasi gani kweli. Maji hayo ni ya bei kali sana, ndiyo maana kazi za namna hiyo ni chache katika Afrika.

Kwa nini basi mkono?

Mtu anaweza kuuliza: kama mkono unapotosha, kwa nini wanasayansi wakubwa nao wanautumia? Juu watu wanakubali kuvaa. Chombo cha kiunoni mtu anakivua akienda kulala, anakisahau. Cha mkononi kinabaki, usiku na mchana. Uingereza, kati ya 2013 na 2015, watu kama laki moja walivaa chombo cha mkononi kwa siku saba, katika kazi kubwa inayoitwa UK Biobank. Kwa watu wengi hivyo, makosa ya mtu mmoja mmoja yanapungua nguvu, na watafiti waliweza kuona kwamba wanaotikisika zaidi kwa jumla wanaugua moyo kidogo. Tena walikuwa na mitikisiko yenyewe, mibichi, wanaweza kuipima upya kwa hesabu nyingine. Saa ya dukani inakupa namba iliyokwisha kupikwa, na kampuni haisemi iliipika namna gani. Wakibadilisha programu usiku, hatua zako za kesho zinaweza kubadilika bila wewe kubadilisha mwendo.

Lakini wale laki moja walikuwa Waingereza, wengi wa umri wa makamo na wazee. Hata ile hesabu ya hatua ngapi zinatosha inatoka huko na kwingine mbali. Mwaka 2022, jarida la Lancet Public Health lilitoa kazi iliyounganisha utafiti 15, na watu karibu elfu hamsini: faida ya hatua iliendelea kupanda mpaka kati ya 6,000 na 8,000 kwa siku kwa wenye miaka 60 na zaidi, na kati ya 8,000 na 10,000 kwa wale walio chini yao. Watu hao walitoka Asia, Australia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Afrika haikuwamo. Na ile 10,000 inayong'aa kwenye kila saa kama amri ya Mungu, ilitoka Japani mwaka 1965, kwa matangazo ya kuuza kifaa cha kuhesabu hatua ambacho jina lake lilimaanisha kipima hatua elfu kumi. Ilikuwa biashara kwanza, sayansi ilikuja nyuma.

Je, moyo na kalori? Mwaka 2017, chuo kikuu cha Stanford huko Marekani kilipima saa saba kwa watu 60. Mapigo ya moyo, saa sita kati ya saba zilikosea chini ya asilimia 5; hiyo ni nzuri. Kalori, hata saa iliyoshinda zingine ilikosea asilimia 27 kwa wastani, na ya mwisho asilimia 93. Kwa maneno mengine, usipime sahani yako ya bukari kwa kalori za saa. Katika kazi hiyo makosa yalikuwa makubwa zaidi kwa wanaume, kwa watu wanene, na kwa wenye ngozi nyeusi zaidi. Jambo la ngozi linatuhusu: saa inapima moyo kwa mwanga wa kijani unaoingia ndani ya ngozi, na ngozi nyeusi inameza ule mwanga zaidi. Lakini mwaka 2020 watafiti wengine wa Marekani walipima watu 53 wa rangi zote na hawakuona tofauti kubwa ya ngozi. Walichoona ni kwamba makosa yanaongezeka mtu akiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo mabishano bado yako wazi, na saa za bei ndogo za kando ya barabara hazikuwa katika hayo majaribio.

Pahali pamoja tu hakuna mabishano. Kuna saa na pete zinazotangazwa kwamba zinapima sukari ya damu bila kutoboa kidole. Mwezi wa pili mwaka 2024, ofisi ya Marekani inayosimamia dawa na vyombo vya afya, FDA, ilitoa onyo: haijakubali hata saa moja ao pete moja ya namna hiyo, ya kampuni yoyote. Mgonjwa wa sukari anayepanga insulini yake kwa namba ya saa hizo anaweza kuanguka na kupoteza maisha kwa masaa machache. Hata tansio, tumaini kile kitambaa kinachofungwa juu ya kiko cha mkono na kujazwa hewa, kwenye kituo cha afya ao nyumbani. Mwanga wa kijani peke yake usibadilishe dawa ya mtu.

Sasa mwenye saa afanye nini nayo? Asiitupe. Kwanza afanye jaribio la hatua mia moja: atembee mikono huru, akihesabu kwa kinywa, kisha alinganishe na saa. Arudie akiwa amebeba beseni. Arudie amekaa, anakoroga sufuria kwa dakika mbili. Baada ya nusu saa atajua saa yake inamukosea wapi, kuliko tangazo lolote litakavyomwambia. Avae kwenye mkono asioutumia sana, na aiambie programu ni mkono gani, kama programu inauliza. Anayesukuma pusupusu, telefone ndani ya mfuko wa suruali itamuhesabia vizuri zaidi, juu paja linatembea hata mikono ikiwa imeshika. Na alinganishe juma lake la leo na juma lake lililopita, kwa kazi zilezile, saa ileile. Kushindana na jirani mwenye kazi nyingine hakuna maana: fundi wa kupaka rangi atashinda kila siku.

Kwa nguvu ya mwendo, kuna kipimo kisicho na batri. Kama unatembea na unaweza kusema lakini huwezi kuimba, hiyo ndiyo kadiri ambayo OMS inasema. Tangu maagizo yake ya 2020, haiombi tena kwamba kila mwendo ufike dakika kumi ndipo uhesabiwe. Hata dakika nne za kwenda kwa fundi zinaingia. Juu ya kukaa, OMS ilisema tu tupunguze, bila kutoa namba ya masaa, juu ushahidi haukutosha kuweka namba. Saa inayokupigia kelele kila lisaa usimame inafuata wazo la kampuni yake.

Kuna upande wa serikali pia, na huo unanipa wasiwasi kuliko wa saa za watu binafsi. Mwaka 2024, OMS na washirika wake walitangaza kwamba mwaka 2022 watu wazima asilimia 31 duniani, kama bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha mwendo. Hesabu hiyo ilitoka kwa kuuliza watu: unatembea dakika ngapi, unafanya kazi ngumu siku ngapi. Watu wanasahau, wanakisia, wengine wanajipendelea. Kwa hiyo nchi nyingi zinaenda kwa vyombo vya mkononi, na hapa kwetu vitafika pia. Siku vitakapofika Haut-Katanga, ao Tanganyika, ao Kivu zote mbili, kama vitakuja na hesabu zilizofundishwa kwa watu wa ofisi za Ulaya, vitaandika kwamba wasukuma pusupusu ni wavivu na wapika vitumbua ni wanamichezo. Kisha mtu atapanga makuta ya afya kwa kufuata hiyo karatasi. Dawa yake inajulikana: kuweka chombo cha paja kwa sehemu ya watu, kuwafuata wengine kwa macho ao kwa kamera siku nzima ya kazi, na kutengeneza hesabu upya. Kitivo cha udaktari na shule ya afya ya umma vya chuo kikuu cha Lubumbashi viko hapa hapa, na kazi hizo za mikono ziko mbele ya mlango wao kila asubuhi.

Mama wa Makutano tulimjibu kwa sauti, namna alivyotuuliza. Aivue saa akianza kukanda unga, aivae akienda kununua unga na mafuta, na jioni aangalie zile hatua tu. Dawa asiziguse bila munganga. Alituma sauti nyingine baada ya siku tatu: hatua zimeshuka sana, na sasa anaenda soko kwa miguu, kurudi anapanda taxi juu ya mzigo.